Kuagiza na Kupanda Miche ya Miti Shambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeanza kupanda miti huuliza kwanza habari za shimo na mbolea. Lakini miche mingi inayofia shambani huwa imeshaharibika kabla haijaliona shimo: iliagizwa kwa kuchelewa, ikazeekea kwenye kiriba (kifuko cha udongo cha kuoteshea mche), ikapigwa na upepo njiani, au ikafika siku ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuipokea. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya maswali yaliyo hapa yanahusu mambo ya kabla ya kupanda.

Niagize miche lini?

Anzia kwenye mvua, kisha uhesabu kurudi nyuma. Mche unatakiwa uingie ardhini wiki za mwanzo za mvua ya uhakika, ili uwe na msimu mzima wa kushika mizizi kabla ya kiangazi. Sasa toa muda wa kitaluni. Mkaratusi huhitaji miezi 3 hadi 5 tangu kusia mbegu, mgrevilea miezi 4 hadi 6, msindano miezi 6 hadi 9, na miti mingi ya asili inayokua polepole hufika mwaka au kuzidi. Ongeza na wiki kadhaa za mwenye kitalu kutafuta mbegu na kujaza udongo.

Ukijumlisha hayo utaona kwamba oda nzuri huwekwa miezi 6 hadi 12 kabla. Anayekwenda kitaluni wiki mvua inapoanza hupata mabaki: ama vichanga ambavyo havijakomaa, ama vizee vya msimu uliopita vyenye shina refu jembamba na mizizi iliyojisokota. Vyote viwili utauziwa kwa maneno matamu.

Eneo langu litachukua miche mingapi?

Gawa eneo kwa nafasi ya mti mmoja. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Ukipanda mita 3 kwa 3, kila mti unachukua mita za mraba 9, kwa hiyo hekta inabeba miti 1,111. Mita 2.5 kwa 2.5 inakupa 1,600, na mita 2 kwa 2 inakupa 2,500. Kwa ekari, ambayo ni kama mita za mraba 4,047, hesabu zinakuja karibu 450, 650 na 1,010. Ukipanda kwa mtindo wa pembetatu, yaani miti ya mstari mmoja ikikaa katikati ya nafasi za mstari wa jirani, na mistari ikisogezwa karibu ili umbali wa mti na mti ubaki uleule, eneo lilelile litabeba miti zaidi kwa karibu asilimia 15.

Toa maeneo ambayo hutapanda: njia, miamba, bonde linalotuama maji, ukanda wa kuzuia moto. Watu husahau hili na kubaki na miche isiyo na pa kwenda. Halafu ongeza asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya itakayovunjika njiani na ya kurudishia, yaani kujaza nafasi za itakayokufa. Mwenye ekari 2 anayepanda mita 3 kwa 3 anahitaji miche 900, basi aagize 1,000.

Kwa miti ya mpakani, hesabu ina mtego mdogo. Mstari wa mita 100 wenye mti kila baada ya mita 2 unahitaji miche 51, kwa kuwa kuna mmoja mwanzoni kabisa.

Nichague nafasi ipi?

Inategemea unataka nini. Fito, nguzo na kuni hupandwa kwa kubanana, mita 2 hadi 2.5, kwa sababu miti iliyobanana hushindania mwanga na kunyooka bila matawi mengi. Mbao hutaka mita 2.5 hadi 3, ukijua kwamba mingine utaipunguza baadaye. Miti ya matunda ina ulimwengu wake: mwembe au mparachichi unaotanuka unahitaji mita 7 hadi 10, na anayeupanda kwa mita 4 kwa sababu mche ni mdogo atakuja kukata mti mmoja kila baada ya mmoja. Kwenye ardhi kavu panua nafasi zaidi. Maji yaliyomo ardhini ndiyo yanayoamua miti mingapi iishi, hata kama wewe umepanda maradufu.

Nipande mti gani?

Jiulize mambo matatu kwa mpangilio huu: ardhi yangu inakubali nini, ninataka nini, na nani atauangalia. Wengi huanza na la pili, tena kwa kusikia kwamba mti fulani una soko.

Msaji, ambao wengi huuita mtiki, hupenda udongo wenye kina unaopitisha maji. Ukiupanda kwenye bonde linalotuama utadumaa, na hakuna mbolea itakayouokoa. Mkaratusi hukua haraka na huchipua tena ukikatwa, lakini hunywa maji mengi, kwa hiyo usiuweke karibu na chemchemi, kisima kifupi au mazao ya chakula. Msindano unahitaji kuvu fulani wanaoishi pamoja na mizizi yake. Pale ambapo haujawahi kupandwa, miche iliyooteshwa kwenye udongo usio na kuvu hao hugeuka njano na kusimama. Wenye vitalu wanaojua kazi huchanganya udongo kidogo kutoka chini ya misindano iliyokomaa. Waulize kama wamefanya hivyo.

Mvinje huvumilia mchanga na upepo wa chumvi, na pamoja na bakteria wa kwenye mizizi yake hujipatia kutoka hewani naitrojeni, kirutubisho cha mimea. Mgrevilea hukaa vizuri pembeni mwa mashamba. Faidherbia albida ina tabia ya kipekee: hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo mazao yaliyo chini yake hupata jua na mbolea ya majani kwa wakati mmoja. Ila huanza taratibu, na asiye na subira huukatia tamaa.

Miti ya mbao za thamani ina maadui wake. Mkangazi, wa jamii ya Khaya, hutobolewa ncha ya shina na kiwavi wa nondo aitwaye Hypsipyla, ukatoa matawi mengi badala ya shina moja refu. Mvule hushambuliwa ukiwa mchanga na mdudu anayesababisha uvimbe kwenye majani. Miti hii huumia zaidi ikipandwa peke yake juani kwa wingi. Ichanganye na mingine, chini ya kivuli chepesi.

Kuna pia miti inayokubali kila mahali kupita kiasi. Prosopis juliflora imevamia malisho katika nchi nyingi kavu za dunia, na mlusina nao husambaa ukiachiwa kuzaa mbegu. Ukisikia mti "hauhitaji matunzo yoyote", uliza kwanza jinsi ya kuuondoa.

Kwa nini niandike jina la kisayansi kwenye oda?

Kwa sababu jina moja la mtaani hubeba miti mitatu, na mti mmoja hubeba majina manne. "Mkaratusi" kuna zaidi ya spishi 700, na uliozoea baridi ya milimani hautasimama kwenye joto la bondeni. Andika Eucalyptus grandis au Eucalyptus camaldulensis, usiandike "mikaratusi 500". Kama ni mti wa matunda, andika na aina: mparachichi wa Hass si sawa na mparachichi tu.

Mbegu ilikotoka ina umuhimu gani kwangu?

Mkubwa, na hautaonekana mpaka baada ya miaka mitano. Mche wa mbegu iliyookotwa chini ya mti mmoja uliopinda ulio barabarani hurithi upinde wa mti huo. Zaidi ya hapo, miche yote itakuwa ndugu, na ndugu wakizaana vizazi vya mbele hudhoofika. Wakusanyaji wazuri huchuma kutoka miti mama mingi, 30 au zaidi, iliyonyooka na iliyo mbalimbali. Muulize mwenye kitalu mbegu ameipata wapi. Asipojua, na mti wenyewe ni wa mbao, mimi ningetafuta kitalu kingine.

Viriba, trei, au miche yenye mizizi mitupu?

Kiriba ndicho cha kawaida. Kinabeba udongo wa kutosha, kinavumilia kusubiri wiki kadhaa, lakini ni kizito: mmoja wenye udongo uliolowa hufika nusu kilo hadi kilo, kwa hiyo miche 1,000 ni mzigo wa nusu tani hadi tani. Miche ya trei ni myepesi, na vishimo vizuri vya trei huelekeza mizizi chini bila kujizungusha. Hasara yake ni kwamba udongo wake ni kiganja tu na hukauka upesi. Ukiichukua, panda ndani ya siku mbili tatu.

Mizizi mitupu ni rahisi kuliko yote na hatari kuliko yote. Katika nchi za baridi miche ya namna hii hung'olewa majira ambayo mti umelala bila majani, ndiyo maana inastahimili. Kwingineko, ifunge kwenye majani mabichi au gunia lililolowa na ipandwe siku ileile. Vinyweleo vya mizizi hufa kwa dakika chache tu za jua na upepo. Msaji ni tofauti kidogo. Huweza kupandwa kama kisiki, yaani mzizi mnene na kipande kifupi cha shina, na ukashika vizuri.

Nitajuaje mche mzuri kwa macho?

Angalia shina kabla ya majani. Unataka mche wa sentimita 20 hadi 40, wenye shina gumu linalosimama bila kushikiliwa, rangi ya kahawia imeanza kupanda kutoka chini, na ncha moja nzima. Majani ya kijani kibichi sana na laini yanapendeza, lakini mara nyingi ni dalili ya mche uliodekezwa kwa kivuli na maji. Jua la kwanza la shambani litaubabua.

Kisha omba kuchana viriba vitatu kutoka pembe tofauti za kitalu. Mwenye kitalu mwaminifu hatakataa, na ukimlipia hivyo vitatu atakuchania mwenyewe. Tazama mizizi. Mizizi myeupe iliyotapakaa na kushika udongo ni afya. Mzizi mkuu uliofika chini ukakunja na kuzunguka kama kamba ya ndoo ni kilema cha maisha. Mti wa hivyo huota vizuri mwaka wa kwanza, hata wa tatu, halafu siku ya upepo unalala chini na unakuta mizizi yake imejinyonga yenyewe.

Ukiinua kiriba na kukuta mizizi imetoboa na kuingia ardhini, maana yake hawakuikata kwa wakati. Ikikatwa siku ya kupakia, mche unapata mshtuko mara mbili. Mwambie aikate sasa, uje baada ya wiki mbili.

Mche mrefu si ndio bora?

Hapana. Mche wa mita moja kwenye kiriba kidogo una majani mengi yanayotoa maji na mizizi michache ya kuyaleta. Mfupi mnene huupita ndani ya msimu mmoja.

Kukomaza miche ni nini?

Ni kuizoesha shida kabla ya kuipeleka shambani. Wiki 4 hadi 6 za mwisho, mwenye kitalu anaondoa kivuli hatua kwa hatua na kupunguza kumwagilia, bila kuiacha inyauke. Shina hukakamaa, majani hunenepa. Miche ambayo haijakomazwa huonekana mizuri zaidi siku ya kununua, na hapo ndipo mnunuzi anapojidanganya.

Tuandikishane nini na mwenye kitalu?

Hata kama mnafahamiana, andikeni. Jina la mti, idadi, urefu wa chini na wa juu unaoukubali, ukubwa wa kiriba, tarehe ya kuchukua, malipo ya awali na yaliyobaki, nani anapakia, na itakuwaje kama mvua itachelewa. Hilo la mwisho ndilo linalozua ugomvi. Elewaneni mapema kwamba miche itaendelea kutunzwa kitaluni kwa wiki kadhaa na kwa gharama gani, kwa sababu bila hivyo mwenye kitalu atataka kuondoa mzigo wake, na wewe utaupokea kwenye vumbi.

Sema pia kwamba utahesabu na kukagua kabla ya kulipa salio. Niliwahi kupokea miche ya matunda iliyosemwa kuwa imebebeshwa, yaani kipande cha mti wa aina bora kimeunganishwa kwenye shina pori. Nusu yake haikuwa na kovu la kubebeshea hata kidogo. Nilikuwa nimeshalipa yote, kwa hiyo niliipanda nikiwa nimenuna.

Nitautambuaje mche uliobebeshwa kweli?

Tafuta mahali shina linapobadilika, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30 juu ya udongo: pana kovu au kauvimbe, na gome la juu na la chini hutofautiana kidogo. Kovu liwe limeunga sawasawa na nailoni ya kufungia imeondolewa au inalegea. Wakati wa kupanda, kovu libaki juu ya ardhi. Chipukizi lolote linalotoka chini yake likate, kwa kuwa hilo ni la shina pori na litaumeza mti uliolipia. Faida ni muda: mwembe au mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa karibu mwaka wa 3 au wa 4, na unajua utazaa nini.

Niisafirishe vipi?

Mwagilia jioni ya kuamkia safari. Panga viriba vikiwa vimesimama na vimebanana, visianguke. Funika kwa turubai au majani ukiacha hewa ipite chini, maana upepo wa gari lililo wazi hukausha miche kuliko jua la mchana. Safiri alfajiri au usiku. Unaposhusha, shika kiriba, usishike shina. Ukiunyanyua mche kwa shina, uzito wa udongo hukata vinyweleo ambavyo huvioni.

Miche imefika na mvua haijashika. Nifanye nini?

Iweke kivulini karibu na maji, isimame, uimwagilie kila siku asubuhi au jioni. Inaweza kusubiri wiki mbili, tatu, hata mwezi ikiwa ni ya viriba. Usiipande kwa matumaini. Mvua moja kubwa ikifuatwa na siku kumi za jua huua kuliko kuchelewa wiki mbili.

Kipimo ni jembe. Chimba: kama unyevu umeshuka sentimita 30, panda. Kama umelowa juu na chini ni vumbi, subiri.

Mashimo yachimbwe lini na yawe na ukubwa gani?

Yachimbwe kabla miche haijaondoka kitaluni, ikiwezekana mwezi mzima kabla. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilipokea miche 600 nikiwa na mashimo 90. Kwenye udongo mgumu nilikuwa napata mashimo 30 kwa siku nikijitahidi. Piga hesabu mwenyewe. Mvua ilikatika nikiwa sijafika nusu.

Kwa miti ya mbao, sentimita 30 kwa 30 kwa 30 hutosha kwenye udongo laini, na 45 kwenye udongo mgumu au mkavu. Matunda yapewe 60. Kabla ya kupania makubwa kumbuka kwamba shimo la 45 hutoa lita 91 za udongo wakati la 30 hutoa lita 27. Ni zaidi ya mara tatu ya kazi. Unapochimba, udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wa juu ndio utakaorudi kwenye mizizi.

Kwenye udongo wa mfinyanzi, kuta za shimo huteleza na kung'aa kama chungu. Zikwaruze kwa jembe, la sivyo mizizi itazunguka mle ndani kama ilivyozunguka kiribani.

Nitanyooshaje mistari bila mpimaji?

Kamba, vigingi na kanuni ya 3, 4, 5. Vuta kamba kwenye upande mrefu wa shamba. Kutoka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya ncha hizo ukiwa mita 5 kamili, kona yako ni mraba. Kisha funga alama kwenye kamba kila baada ya nafasi uliyochagua na usogeze mstari kwa mstari. Kwenye mteremko acha uzuri wa mistari. Fuata kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa uleule, ili kila mstari uzuie maji badala ya kuyapa njia ya kushukia.

Siku yenyewe ya kupanda nifanyeje?

Chagua siku ya mawingu, au panda asubuhi na jioni tu. Mwagilia miche kwanza. Sambaza michache michache kwenye mashimo. Kusambaza yote 500 asubuhi ukapanda wa mwisho saa tisa ni kuichoma.

Rudisha udongo wa juu kiasi, uukandamize. Shika mche, kata sentimita moja ya chini ya kiriba pamoja na mizizi iliyojikunja, kisha chana upande mmoja na ukivue bila kuvunja udongo. Weka mche wima. Shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa ardhi. Ukizama sana shina huoza; ukiinuka mizizi hukauka. Jaza udongo, kanyaga taratibu kwa kisigino kuondoa mifuko ya hewa, kisha vuta jani moja kwa vidole viwili. Jani likikatika mche ukabaki, umeshika. Mche ukitoka, rudia.

Viriba vyote vikusanywe. Kuna wanaopanda na kiriba "ili udongo usimwagike", na kuna vibarua wanaolipwa kwa idadi ya miche. Njia rahisi ya kuwabaini wote ni kuhesabu viriba vitupu jioni. Miche 500 iliyopandwa inapaswa kukuletea viriba 500.

Niweke mbolea?

Samadi iliyooza kabisa, ndoo ndogo kwa shimo, ichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza. Mbolea ya dukani isiguse mizizi. Kama unaitumia, iweke pembeni, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye shina, mche ukishaanza kutoa majani mapya. Miti mingi ya mbao kwenye udongo wa wastani haihitaji. Magugu hayo unayoyalisha mbolea yatakushukuru zaidi ya mti.

Kiangazi kikija nimwagilie?

Kama ni miti 20 ya matunda, ndiyo. Lita 10 mara moja kwa wiki ni bora kuliko nusu lita kila siku, kwa sababu maji ya kidogokidogo huwafundisha mizizi kubaki juu. Kama ni miti 500, fanya hesabu kwanza: lita 10 kwa kila mmoja ni lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita 20, tani tano za maji kila wiki. Hakuna anayeweza hilo kwa kichwa.

Kwa shamba kubwa kazi hufanywa na kisahani cha udongo. Kila mche upigiwe bonde dogo la kipenyo cha mita moja, na kwenye mteremko tuta la nusu mwezi upande wa chini, lizuie maji ya mvua. Juu yake weka matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha upana wa kiganja bila kugusa shina.

Mchwa wanamaliza miche. Kuna dawa?

Mchwa hupenda mche uliochoka. Uliopandwa mapema mvua ikiwa bado ina wiki nyingi, wenye mizizi iliyoshika, huwashinda mara nyingi. Ondoa matandazo yanayogusa shina, usiache mizizi iliyovunjika au viriba vya karatasi shimoni, na kagua kila wiki. Kama eneo lako lina vichuguu vingi, chagua miti inayovumilia na uache mikaratusi, ambayo ikiwa michanga huliwa sana.

Na mbuzi?

Mbuzi mmoja kwa asubuhi moja humaliza kazi ya mwezi. Hakuna mche wa kupanda mahali ambapo mifugo hupita, mpaka kuwe na uzio, mchungaji au makubaliano na majirani yanayoheshimika. Uzio wa miiba iliyokatwa hutosha kwa mwaka mmoja. Uzio hai upandwe mwaka mmoja kabla ya miti.

Palizi mara ngapi?

Hapa ndipo miti inapopatikana au kupotea. Mche haushindani na nyasi: nyasi zina mizizi mingi zaidi pale juu, hunywa kwanza, na zikirefuka huufunika kabisa. Kwa miaka miwili ya mwanzo palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche, mara mbili au tatu kwa mwaka, na moja ya hizo iwe mvua inapokaribia kwisha ili unyevu uliobaki uwe wa mti. Ukitumia fyekeo, weka kijiti kando ya kila mche. Nimeona mistari mizima ikifyekwa na mtu mwenye bidii.

Ndiyo maana huwa nawaambia wanaotaka kuagiza 2,000: utaweza kupalilia 2,000? Kama jibu ni 600, agiza 600. Hiyo 1,400 iliyobaki itakufa na pesa yako ndani ya nyasi.

Naweza kulima mazao katikati?

Ndiyo, mwaka wa kwanza na wa pili, wakati mwingine wa tatu, na ni njia nzuri ya kupata palizi bila kulipia mara mbili. Acha mita moja kutoka kwenye mche. Maharage na kunde zinafaa. Mahindi marefu hufunika mche yakiwa karibu. Mimea inayotambaa itaupanda na kuuvuta chini.

Mingapi itakufa, na nirudishie lini?

Hesabu miezi mitatu baada ya kupanda. Tembea mistari ya hapa na pale hadi ufikishe mashimo 100, andika iliyo hai. Ukipata 85 au 90, umefanya vizuri. Chini ya 80 tafuta sababu kabla ya kununua mingine: iliyokufa imejikusanya mahali pamoja? Basi ni udongo, maji au mchwa. Imetawanyika? Huenda ni miche yenyewe au mikono ya wapandaji. Ng'oa michache uone mizizi.

Rudishia kama mvua bado inaendelea, au mwanzo wa msimu unaofuata. Baada ya miaka miwili usihangaike. Mche mpya katikati ya miti mirefu utaishi kivulini mpaka ufe.

Nipande umbali gani kutoka kwa jirani, nyumba na mto?

Kwa nyumba na nyaya za umeme, tumia urefu wa mti ukiwa mkubwa: mti wa mita 20 ukae mita 20 mbali. Kwa jirani, zungumza naye kabla ya kuchimba, maana kivuli na mizizi havisomi hati ya ardhi. Kingo za mito huwa na sheria zake katika nchi nyingi, na kukata mti wa asili, hata ulioupanda mwenyewe, wakati mwingine huhitaji kibali. Ulizia ofisi ya misitu iliyo karibu, na tunza risiti ya miche; siku ya kuvuna itathibitisha kwamba miti ni ya kupandwa.

Matawi yakatwe lini?

Kwa mbao, anza miti ikifunga vilele, yaani matawi ya mti na mti yakikutana, na matawi ya chini yakianza kukauka. Tumia msumeno, kata karibu na shina bila kulichuna, na usipite nusu ya urefu wa mti. Panga haifai, huacha vidonda vilivyopasuka.

Nimebakiwa na miche. Naweza kuitunza mpaka msimu ujao?

Michache ya kurudishia, ndiyo. Ihamishie kwenye viriba vikubwa zaidi, kata mizizi ya chini, iweke kwenye kivuli chepesi na uisogeze kila wiki mbili ili isizamishe mizizi ardhini. Mingine mpe jirani wiki hiihii, wakati mvua bado inanyesha. Yule uliyezungumza naye kuhusu mpaka atafaa sana.